Guaiguai Kwanza

Maiti ya Mzee Kuang Deshun ililala kifudifudi mlangoni mwa kibanda cha kugeuzia njia za reli, miguu ndani, kichwa nje, kofia yake ya kazi imebingirika hadi kwenye kokoto. Pigo lilikuwa moja tu, la kisogoni. Mtaimbo uliotumika ulikuwa umeegemezwa ukutani, mahali pake pa kila siku, umefutwa vizuri. Muuaji alikuwa ameurudisha kama mtu anayerudisha jembe la jirani.

Inspekta Qiao Wenshu wa polisi wa mji wa Anhe alichuchumaa, akamtazama marehemu, kisha akasimama akiwa na hasira tayari. Ndivyo alivyokuwa. Wenzake husikitika kwanza wakiona maiti, yeye hukasirika kwanza, na huzuni humjia baadaye akiwa peke yake.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane mwaka 1983, saa tisa na robo alasiri. Nyuma ya kibanda ulisimama ukuta wa kale wa mji. Mbele yake zilipita njia mbili: reli kuu iendayo Beijing, na tawi linalokata kushoto kuingia bonde la Shigou, kwenye vijiji na machimbo ya makaa. Mzee Kuang alikaa kwenye njia panda ile miaka ishirini na sita, akihakikisha treni ya Beijing haiingii bondeni na treni ya bondeni haiendi Beijing. Hakuwahi kukosea hata mara moja.

"Kafa saa ngapi?" Qiao alimuuliza daktari.

"Kati ya saa saba na nusu na saa nane na nusu. Usinibane zaidi ya hapo."

"Alama za vidole?"

Sajini Ren, msaidizi wake, alionyesha wenzo wa kugeuzia njia, mkono wa chuma mrefu kama mtu, uliojaa grisi nyeusi. "Za marehemu zipo. Juu yake kuna alama za nguo, Inspekta. Kama mtu aliushika kwa kitambaa."

"Andika."

"Nimeshaandika."

"Andika tena, isije ikapotea."

Shahidi alipatikana kabla hawajamaliza kupima. Alikuwa Mama Xue, muuza mikate ya mvuke, mwanamke mnene mwenye aproni iliyonuka siki. Kila siku hukatiza nyuma ya kibanda na kikapu chake kwenda kuwauzia abiria.

"Ulipita saa ngapi, mama?"

"Saa nane kasorobo. Nawahi treni ya Beijing, na siku hizi inachelewa inavyotaka."

"Ukasikia nini?"

"Mzee Kuang anabishana na mtu. Huyo mwingine ananong'ona, sikumsikia. Lakini sauti ya Mzee Kuang naijua, amenunua mikate kwangu miaka kumi."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Guaiguai kwanza, halafu mimi na wewe.'"

"Una hakika?"

"Ndugu Inspekta, mimi mwili ndio mzito. Masikio yangu hayana tatizo."

Ren alisimamisha kalamu. Hakuna mtu Anhe asiyemjua Guaiguai. Neno hilo maana yake ni mkongojo, na fundi viatu wa mlango wa stesheni, aliyepooza miguu tangu utotoni, alitembea kwa mikongojo miwili. Watu walimwita hivyo tangu akiwa mtoto, na yeye akaitika.

Zaidi ya hayo, Jumatatu Mzee Kuang alikuwa amemkuta akivuka reli na mikongojo yake, akamtukana mbele ya watu na kulipiga teke sanduku lake la vifaa. Guaiguai alimjibu, "Ipo siku utalipia hilo teke." Watu thelathini walisikia.

Kufikia saa kumi na moja jioni fundi viatu alikuwa ndani.

*

Mwaka ule amri ilikuwa imetoka juu: wahalifu washughulikiwe haraka na kwa ukali. Kesi zilizokuwa zikichukua miezi zilichukua siku. Mkuu wa polisi wa mji, Geng, alikuwa na ubao ofisini wa kesi zilizofungwa, na aliupenda ubao ule kuliko watoto wake.

"Alhamisi saa kumi na moja jioni lori linakuja kumchukua," Geng alisema Jumatano asubuhi. "Ijumaa ni uwanja wa michezo, anasomewa hukumu mbele ya umma. Jumamosi tunahesabu kesi nyingine."

"Na Ijumaa mchana anapigwa risasi," alisema Qiao.

"Hiyo ni kazi ya mahakama."

"Mtu wa mikongojo miwili ameinua mtaimbo wa kilo tisa kwa mkono upi, Mkuu?"

"Mikono ya kiwete ina nguvu. Umemwona?"

Qiao alikuwa amemwona. Alikaa naye asubuhi yote, meza katikati. Mtu wa miaka arobaini, mabega mapana, vidole vimekatwakatwa na uzi wa viatu. Hakulia wala hakuomba.

"Saa nane kasorobo ulikuwa wapi?"

"Chooni."

"Na nani?"

"Watu huwa wanakwenda chooni na nani, Inspekta?"

"Jibu vizuri. Shingo inayotafutwa ni yako."

"Peke yangu. Kisha nikarudi mlangoni kwangu. Treni ya Beijing ilipofika, mwalimu mmoja wa kike alishuka na kandambili imekatika mkanda, nikamshonea. Alikuwa anawahi treni ya Shigou. Nikamaliza, akakimbia."

"Huyo mwalimu anaitwa nani?"

"Mimi huwa naangalia miguu tu."

"Ulikuwepo kibandani kwa Mzee Kuang?"

"Sijakanyaga pale tangu alipolipiga teke sanduku langu. Na bado namchukia, kama unataka kuandika. Kufa kwake hakujanifanya nimpende."

Qiao aliandika. Geng aliposoma alicheka. "Mwalimu alishuka saa nane na dakika kumi, treni ilipofika. Marehemu alikuwa anazozana na Guaiguai saa nane kasorobo. Hata akiwapo huyo mwalimu, anatusaidia nini?"

Na ili kufunga mlango kabisa, Geng alimwita ofisa wa zamu wa stesheni, Pei Guoliang, aliyekuwa kazini siku ile. Pei alikuwa mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi ikakata, nywele zimelazwa kwa maji. Alipewa ushahidi wa Mama Xue akausoma polepole.

"Maneno haya, 'Guaiguai kwanza,' unayaelewaje, ndugu Pei?" Geng aliuliza.

Pei alirudisha karatasi mezani na kuinyoosha ikae sawa. "Guaiguai ni fundi viatu wa pale mlangoni. Kila mtu anamjua."

"Wewe na Mzee Kuang mlikuwa na ugomvi wowote?"

"Alikuwa kama baba yangu."

"Na siku ile alifanya kazi kawaida?"

"Kawaida. Treni zote zilipita salama." Akaweka saini. Geng akamwagiza asiseme neno la ushahidi ule kwa wafanyakazi wenzake, uchunguzi usiharibike, na Pei akaahidi kwa moyo mkunjufu.

*

Alhamisi mchana Qiao alipanda treni ya Shigou bila ruhusa. Alitaka kumtafuta mwalimu wa kandambili, hata kama Geng alisema haina maana. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na kila alipofumba macho aliona vidole vya yule fundi mezani.

Treni ya Shigou ilikuwa mabehewa manne ya kijani na kichwa kizee cha moshi. Abiria walipanda na vikapu vya kuku, magunia ya unga, na jiko moja la chuma lililozua ugomvi mlangoni. Saa nane ilipita. Treni haikutikisika.

"Tunangoja nini, dada?" Qiao alimuuliza kondakta, mwanamke wa makamo aitwaye Lian, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya behewa akitafuna mbegu za alizeti.

Lian alitema ganda bila kumwangalia. "Guaiguai kwanza, halafu sisi."

Qiao alihisi damu ikimpanda hadi masikioni.

"Umesema nini?"

"Nimesema tungoje. Una haraka gani? Huko Shigou hakuna hata tambi nzuri."

"Rudia ulivyosema."

Sasa alimwangalia, akaona sare, akameza mbegu. "Guaiguai kwanza, halafu sisi. Treni namba sabini na saba, ndugu. Reli ni moja hapa mbele, inapita yenye haraka, kisha tunatoka wanyonge."

"Sabini na saba. Si mnaiita treni ya Beijing?"

"Nyinyi watu wa mjini ndio mnaiita hivyo. Sisi wa reli tunaita kwa namba. Na saba hatusemi saba, kwenye simu mbovu inasikika kama moja, watu watakufa. Tunasema guai, kwa sababu imeinama kama mkongojo. Saba mbili ni guaiguai. Hata mtoto wa mtu wa reli anajua hilo."

Qiao alisimama mlangoni mwa behewa akajitukana kwa sauti, neno lililomfanya bibi mmoja mwenye kuku amgeukie. Wanajeshi husoma namba vivyo hivyo redioni, alishawasikia mara mia. Lakini mji mzima ulikuwa na Guaiguai wake mwenye miguu mibovu, na masikio ya polisi wote, yake yakiwamo, yalimkimbilia yule kiwete moja kwa moja.

Mzee Kuang hakuwa anamtaja mtu. Alikuwa anamwambia mgeni wake kwamba treni ipite kwanza, ndipo wazozane. Na mtu wa mitaani, mzee angemwambia "treni ya Beijing". Maneno yale aliyasema kwa mtu wa reli.

Basi saa nane kasorobo Mzee Kuang hakuuawa. Aliishi mpaka akaipitisha sabini na saba.

"Dada Lian," alisema, akijikalisha ngazini kando yake, "Jumanne ulikuwa kwenye treni hii?"

"Nipo kila siku. Mimi na huyu mzee wa moshi tumeoana."

"Polisi walikuhoji?"

"Walikuja Jumatano. Wakaniuliza kama nilimwona kiwete. Nikasema ndiyo, nilimwona. Wakafunga daftari, wakaenda."

"Hawakuuliza ulimwona wapi?"

"Hawakuuliza."

Qiao aliuma meno mpaka taya likalia. "Nauliza mimi. Wapi?"

"Pale mlangoni pake, anamshonea mwalimu Fang kandambili. Mwalimu alinipungia nisimwache. Aliingia behewa langu saa nane na dakika ishirini na tano, anasifu mshono. Nyinyi mlidhani nilimwona wapi? Anaruka ukuta?"

"Sabini na saba iliondoka saa ngapi siku hiyo?"

"Na robo. Nane na robo."

"Na nyinyi?"

"Na nusu kamili."

"Mlipopita kibandani, Mzee Kuang alikuwa amesimama mlangoni na bendera?"

Lian aliacha kutafuna. "Hakuwepo. Kila siku anasimama, namrushia mbegu anazikataa. Siku hiyo hakuwepo. Nikasema moyoni, tumbo limemkamata."

"Njia ilikuwa imegeuzwa kwenu?"

"Ingekuwa haijageuzwa ningekuwa Beijing sasa hivi."

Qiao alihesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Saa nane na robo mzee yu hai. Saa nane na nusu hasimami mlangoni, lakini njia imegeuzwa. Kati ya hapo mtu alimuua, akaruka maiti, akashika ule mkono wa chuma wenye grisi na kuigeuza reli kwa ajili ya treni ya Shigou. Fundi viatu dakika zote hizo alikuwa na kandambili ya mwalimu mapajani. Na hata angekuwa huru, asingejua kuugeuza wenzo ule.

"Swali la mwisho, dada. Nani aliwapa bendera ya kuondoka?"

"Ofisa wa zamu. Pei." Lian akacheka kidogo. "Tena tulimcheka. Mikono mitupu."

"Mitupu vipi?"

"Bila glavu. Ofisa wa zamu hapokei wala hatoi treni bila glavu nyeupe. Yule Pei ndiye mwenyewe wa kuwakata wenzake alama kwa doa moja. Sabini na saba aliipokea nazo, niliona. Sisi akatupungia kwa mikono mitupu, kama anafukuza kuku. Nikasema kumbe watu wa Shigou hatustahili hata glavu."

Honi ililia upande wa mashariki. Sabini na saba iliingia ikitikisa vioo vyote vya stesheni, na pale kwenye mstari mweupe wa jukwaa alisimama Pei Guoliang, kifua mbele, bendera mkononi. Glavu zake zilikuwa mpya kiasi kwamba mikunjo ya dukani bado ilionekana.

*

Sajini Ren, aliyetumwa na Qiao kutafuta mabaki ya glavu majivuni, alikuta vifungo vyake saa tisa na dakika ishirini.

Kila stesheni ina birika kuu la maji ya moto ya abiria, na tanuru lake haliwahi kuzimwa hata joto la mwezi wa nane. Mchochea tanuru wa Anhe huhifadhi majivu nyuma ya jengo, akichagua makaa yasiyoungua. Ren alichekecha rundo lote kwa chekecheo la unga alilomwomba Mama Xue, mwenyewe akageuka kijivu kuanzia nyusi hadi viatu. Vilikuwa vifungo viwili vidogo vya shaba vya kifundo cha mkono, vimechorwa nembo ya reli.

Qiao aliingia ofisi ya zamu bila kubisha. Pei alikuwa anaandika. Aliinua kichwa, akaona vifungo vikiwekwa juu ya karatasi yake, kimoja kando ya kingine.

"Jumanne saa nane na nusu glavu zako zilikuwa wapi?"

"Sikumbuki. Zilichafuka."

"Kwa nini?"

"Kazi, ndugu Inspekta. Makaa, moshi."

"Nani aliigeuzia njia treni ya Shigou?"

"Mzee Kuang. Alinipigia simu, saa nane na dakika ishirini na nne. Imeandikwa humu."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Saa nane na dakika ishirini na nne Mzee Kuang alikuwa ameshakufa. Simu yako ilipigwa na maiti, Pei?"

Pei alilifunga daftari la zamu.

"Kwenye wenzo kuna alama za nguo. Tumezipiga picha. Uzi wa glavu za reli ni mmoja nchi nzima, nitazilinganisha kesho. Sasa niambie mwenyewe, au nikamlete Lian akueleze ulivyofukuza kuku."

"Huna shahidi aliyeniona."

"Ninaye marehemu. 'Guaiguai kwanza, halafu mimi na wewe.' Alikuwa anamwambia nani? Sema. Wewe ulisoma karatasi ile. Wewe ni mtu wa reli miaka kumi na saba. Ulisoma neno hilo ukaelewa papo hapo ni treni, na ukatwambia ni fundi viatu."

Pei alivua glavu zake mpya, kidole kimoja kimoja, akaziweka juu ya meza.

"Nilikwenda kuongea naye tu," alisema. "Nilikwenda kumwomba."

"Umwombe nini?"

"Kuhusu Suo Youtian."

Qiao alilijua jina hilo. Suo alikuwa mkaguzi wa reli aliyekanyagwa na treni mwezi wa tano, kilomita ya kumi na tisa ya tawi la Shigou, kwenye handaki. Taarifa ilisema alikuwa amelewa akalala relini. Mjane wake na watoto watatu walitolewa kwenye nyumba ya reli ndani ya wiki moja, kwa sababu mlevi aliyekufa kwa ulevi wake haachi haki yoyote.

"Suo hakuwa amelewa," alisema Qiao.

"Hakuwa anakunywa kabisa." Pei alizungumza akiangalia glavu. "Alipiga simu kutoka kilomita ya kumi na nane, akaomba nusu saa apite handaki. Nikampa. Kisha wakaniharakisha kutoka machimboni, mabehewa ya makaa yanangoja. Nikasahau. Nikaiachia treni. Dakika kumi na moja tu, Inspekta. Nilisahau kwa dakika kumi na moja."

"Na Mzee Kuang alisikia."

"Simu ya kibandani iko kwenye waya huohuo. Alinisikia nikimpa Suo ruhusa. Nikampigia mzee magoti, nina baba mgonjwa, nina mtoto wa miezi minne. Akanyamaza miezi mitatu. Jumanne mchana akaniambia hawezi tena. Alimkuta mjane wa Suo sokoni anaokota majani ya kabichi chini. Akasema kesho anakwenda Shigou kumwambia ukweli, kisha anaandika barua makao makuu."

"Ukamfuata."

"Saa nane kasorobo. Hakutaka hata kunisikiliza, akasema guaiguai kwanza. Nikarudi jukwaani, nikaipokea, nikaiaga. Nikarudi kwake. Akanigeuzia mgongo, ananiambia, 'Nenda kapumzike, mwanangu, nimeshaamua.' Mtaimbo ulikuwa hapo. Sikupanga."

"Ulifuta mtaimbo. Ukachoma glavu."

"Nikageuza njia pia." Pei akainua uso, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama kiburi ndani yake. "Ningeweza kukimbia. Treni ya Shigou ingeingia reli kuu, ikakutana uso kwa uso na treni ya makaa. Watu mia tatu. Niliwaokoa. Hilo nalo liandike."

Ren, aliyekuwa anaandika, aliacha kuandika.

"Usingeigeuza njia, dereva angeona na kusimama, wangekuja kuangalia kwa nini, na wangekukuta na mtaimbo mkononi," alisema Qiao. Alikuwa amesimama sasa, na meza ilikuwa ndicho kitu pekee kilichowatenganisha. "Miao. Unalijua jina hilo?"

"Nani?"

"Huyo fundi viatu. Kesho asubuhi anasomewa hukumu, mchana anapigwa risasi. Kila siku umepita mbele yake na viatu alivyokung'arishia. Ulitaka kufanya nini kesho? Ungekwenda uwanjani kutazama?"

Pei alifikiri. Ndicho kinachomuudhi Qiao hadi leo, kwamba alifikiri kwanza.

"Hana mke," alisema. "Hana mtoto. Si mtu wa reli. Nilijiuliza, kati yangu na yeye, nani atakumbukwa? Hakuna ambaye angemkosa yule."

Qiao alimpiga kofi moja. Baadaye aliliandika kofi lile kwenye taarifa yake, mstari wa mwisho, na kuweka saini.

*

Lori lilikuwa limeshafika, injini inanguruma uani, wakati Qiao alipoweka maungamo mbele ya Mkuu Geng. Geng aliyasoma mara mbili. Alitazama ubao wake, akatazama saa, akakohoa.

"Basi mwachie. Kimya kimya. Mpitishe mlango wa nyuma."

Miao Sanquan alifunguliwa pingu. Alikuwa na jeraha jipya kwenye mdomo ambalo asubuhi halikuwepo. Alisikiliza maelezo yote, kisha akaendelea kukaa kwenye benchi.

"Umesikia? Uko huru," alisema Geng.

"Siondoki."

"Unataka nini tena?"

"Jana gari lenu la vipaza sauti lilizunguka mji mzima. Guaiguai wa stesheni ni muuaji, njooni uwanjani Ijumaa. Mama yangu yuko Shigou. Treni ya jana jioni imeshampelekea habari. Mlinitangaza, basi mnitangaze tena."

"Vipaza sauti vya serikali havina kazi ya kuomba radhi," alisema Geng. "Shukuru umepata uhai, nenda nyumbani."

Qiao alimtazama mkuu wake, akaona kwamba mtu yule hakuwa na aibu hata chembe, na hatakuwa nayo kamwe. Hakubishana. Alimshika Miao kwapani, akamwinua, na wakatoka kwa mlango wa mbele.

Treni ya mwisho ya Shigou huondoka saa kumi na mbili jioni. Jua lilikuwa bado juu ya ukuta wa mji, na jukwaa limejaa watu wa vijiji vyote kumi na vitatu vya bonde: wachimbaji wenye nyuso nyeusi, wanawake wenye vikapu vitupu, wanafunzi, bibi mwenye kuku aliyeshindwa kuwauza. Qiao alimwacha Miao kando ya Lian na kuingia chumba cha mtangazaji.

"Huruhusiwi humu, ndugu," mtangazaji alimwambia.

"Najua. Nipishe."

Sauti yake ilitoka kwenye vipaza vyote vya stesheni, nzito na yenye hasira, bila adabu ya watangazaji.

"Abiria wa Shigou. Mimi ni Inspekta Qiao Wenshu wa polisi wa Anhe. Mzee Kuang Deshun aliuawa na Pei Guoliang, ofisa wa zamu wa stesheni hii, na amekiri. Suo Youtian wa kilomita ya kumi na tisa hakuwa amelewa. Alipewa ruhusa, kisha akasahauliwa. Miao Sanquan hakuua mtu. Polisi tulimkamata bure, tukampiga, tukamtangaza. Tulikosea. Kafikisheni habari hii kila mnaposhuka. Narudia. Miao Sanquan hakuua mtu."

Minong'ono ilianza, ikapita kutoka behewa hadi behewa, na Qiao akaisikia kupitia dirisha. Watu walikuwa wanaulizana swali moja.

"Miao Sanquan? Ndiye nani huyo?"

"Sijui. Wewe unamjua?"

"Wa kijiji gani?"

Hakuna aliyejua. Mama Xue, aliyempita mlangoni pake kila siku, alitikisa kichwa. Lian naye alitikisa kichwa, na mwenye jina alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake.

Fundi viatu alijivuta mbele hadi kwenye mstari mweupe wa jukwaa, mahali ambapo husimama ofisa wa zamu, na wote wakamgeukia.

"Ni mimi," alisema. "Miao Sanquan ni mimi."